Neno “Ulinzi” Lipimwe kwa Uzima wa Anayelindwa

  

Ndugu Waislamu, kuna maneno ya Kiingereza ambayo sasa yanafika hadi vijijini kwetu Singida, kutoka Iramba hadi Manyoni na kutoka Mkalama hadi Ikungi. Yanafika katika semina, katika mabango ya zahanati na katika fomu zinazotakiwa kujazwa na shule, makanisa na madrasa. Mawili yanayosikika zaidi ni “protection” na “safeguarding”. Yote mawili hutafsiriwa kwa neno moja tu, “ulinzi”, na mara nyingi huambatanishwa na mtoto: ulinzi wa mtoto, kamati ya ulinzi wa mtoto, sera ya ulinzi wa mtoto.

Watu wetu wameyapokea maneno haya kwa namna mbili. Wapo wanaoyakubali kwa kuwa yameandikwa kwa Kiingereza na karatasi ina muhuri. Wapo pia wanaoyakataa kwa sababu hiyo hiyo: yametoka ng'ambo, basi lazima yana ajenda iliyofichwa. Makundi haya mawili yanafanana zaidi kuliko yanavyodhani, kwani yote yanalipima neno kwa asili yake, na hakuna linaloliuliza neno lenyewe linamfanyia nini yule anayetajwa kuwa analindwa. Makala hii inakusudia kuuliza swali hilo, kwa sababu katika mkoa wetu jibu lake linagusa miili ya mabinti zetu.

MANENO YA KIINGEREZA NA MAANA ZAKE

Kiingereza kina maneno mengi ya kumweka mtu au kitu mbali na madhara, na kila moja lina kazi yake. “Guard” asili yake ni kutazama na kukesha. Ni kazi ya mtu aliyesimama macho wazi. “Shield” ni ngao, kitu kinachowekwa kati ya mtu na pigo. “Protect” limetoka katika Kilatini na maana yake ya asili ni kufunika kwa mbele. “Defend” nalo ni la Kilatini, na maana yake ni kusukuma mbali, kumrudisha nyuma anayeshambulia. “Preserve” ni kutunza kitu mapema ili kisiharibike. “Safeguard” ni maneno mawili yaliyounganishwa: usalama na mlinzi. Siku hizi hutumika kwa utaratibu unaowekwa kabla ya jambo baya kutokea ili lisipate njia.

Neno “safe” lenyewe, ambalo ni mzizi wa mazungumzo yote haya, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzima, mwenye afya, asiyepungukiwa na kitu. Msomaji na aliweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tunalo neno kulinda. Katika Kiganda, neno “linda” lina maana ya kungoja, na ndiyo kazi halisi ya mlinzi. Mkulima wa mtama na uwele wa hapa kwetu anayelinda ndege shambani anajua kwamba kulinda ni kungoja tangu alfajiri hadi jua kuzama, maana ndege hawatoi taarifa. Tunalo kukinga, yaani kuweka kitu kati, kama mtu anavyojikinga na mvua. Tunalo kuchunga, ambalo wafugaji hawahitaji kufundishwa. Tunalo kutetea, kutunza na kuokoa.

Kutoka Kiarabu tumepokea kuhifadhi, na neno hilo moja tunalitumia kwa msahafu uliohifadhiwa kifuani, kwa mbuga ya wanyama na kwa mfuko wa mafao ya wafanyakazi. Tumepokea himaya, na mzizi wake ni mmoja na wa “hima”, eneo la malisho lililozuiwa lisitumiwe ovyo. Mtume (S.A.W.) aliweka hima huko an-Naqi' karibu na Madina, na Khalifa Umar (R.A.) akaweka nyingine huko ar-Rabadha. Tumepokea amana, amani na salama. Hata hirizi, ambayo sisi tunaikemea kwa sababu za itikadi, asili ya jina lake ni “hirz”, mahali madhubuti pa kuwekea kitu. Mafakihi hulitumia neno hilo katika mlango wa wizi: mali ilikuwa ndani ya hirz yake, au iliachwa wazi?

Tatizo basi limo katika matumizi. Tumelitwika neno “ulinzi” mizigo yote. Jeshi ni la ulinzi, mzee anayekesha na rungu dukani ni mlinzi, na mtoto naye anahitaji ulinzi. Kwa hiyo mzazi anaposikia “ulinzi wa mtoto”, akili yake inakwenda kwa askari na lango. Anajiambia kuwa mwanawe hana adui, nyumba ina mlango na mlango una kufuli, kwa hiyo jambo hili halimhusu. Hakuna aliyemweleza kwamba madhara mengi ya watoto hutokea ndani ya lango, kwa mikono ya watu wanaoaminiwa.

ULINZI ULIOKUWA UTAWALA

Anayelitilia shaka neno la ulinzi linalotoka Ulaya ana hoja, na si haki kumbeza. Nchi hii imewahi kuumizwa kwa neno hilo. Tarehe 27 Februari 1885, mfalme wa Wajerumani aliipa kampuni ya Carl Peters hati ya kuyachukua maeneo ya bara yetu, na jina la hati ile kwa Kijerumani lilimaanisha “barua ya ulinzi”. Makoloni yao waliyaita “maeneo ya ulinzi”. Jeshi lao hapa, lililoundwa rasmi mwaka 1891, liliitwa “jeshi la ulinzi”. Ni jeshi hilo lililokuwa na boma Kilimatinde, katika wilaya ya Manyoni ya leo, na ndilo lililozima Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 kwa kuchoma mazao na vijiji, mpaka watu wengi wakafa kwa njaa kuliko kwa risasi. Mapokeo ya Wanyaturu yanamkumbuka Liti, mwanamke aliyeongoza watu wake kupambana na Wajerumani, na inasimuliwa kwamba silaha yake ilikuwa nyuki. Watu wale walikuwa wakijilinda dhidi ya waliojiita walinzi.

Visiwani hali haikuwa tofauti. Mwaka 1890 Uingereza iliitangaza Zanzibar kuwa “protectorate”, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wake. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipoketi katika kiti cha usultani bila ridhaa yao, manowari za mlinzi ziliipiga mizinga kasri ya mlindwa kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Ulinzi huo uliendelea hadi Desemba 1963.

Somo la historia hii ni kwamba jina la ulinzi si ushahidi wa ulinzi. Anayedai kulinda aulizwe maswali manne: Nani anayelindwa? Analindwa dhidi ya nini? Analindwa kwa kitu gani? Na baada ya ulinzi huo, je, amebaki mzima? Wajerumani na Waingereza wangeshindwa katika swali la nne. Lakini uadilifu unatutaka mizani hiyo hiyo tuiweke juu ya yetu wenyewe, na hapa ndipo maneno yanapokuwa mazito.

LAWALAWA

Kwa miongo kadhaa, katika mikoa ya Singida na Dodoma, wazazi wameambiwa kwamba mtoto wa kike anayewashwa sehemu za siri, anayelia akikojoa au mwenye vipele, ana ugonjwa uitwao lawalawa, na kwamba dawa yake ni kukatwa. Wengine hawangoji dalili. Wanamkata kichanga ili asije akaupata, na jambo hilo wanaliita kinga. Ni neno lile lile la mtu anayejikinga na mvua na la shujaa anayeinua ngao.

Tuipitishe kinga hiyo katika maswali yetu. Anayekingwa ni mtoto, wakati mwingine wa siku chache tangu azaliwe. Anakingwa dhidi ya nini? Wauguzi na madaktari wanaeleza kwamba kinachoitwa lawalawa ni maambukizi ya njia ya mkojo au ya ngozi, yanayochochewa na uhaba wa maji na usafi, mambo yanayojulikana sana katika mkoa huu mkavu. Yanatibika zahanati kwa dawa, na yanazuilika kwa maji safi. Anakingwa kwa kitu gani? Kwa chuma juu ya nyama yenye afya. Na je, anabaki mzima? Hapana. Shirika la Afya Duniani linasema ukeketaji hauna faida yoyote ya kiafya, na linataja madhara yake: kutoka damu nyingi, maambukizi, matatizo ya mkojo na uzazi mgumu. Mwaka 2006 shirika hilo lilitoa utafiti uliohusu wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Ulionyesha kuwa waliokeketwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi wakati wa kujifungua, na watoto wao pia. Maambukizi yaliyodaiwa kukingwa ni miongoni mwa yale yanayoletwa na kisu.

Takwimu za serikali zinatuhusu moja kwa moja. Utafiti wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Singida wanawake 51 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika utafiti wa 2015-16 idadi ilikuwa 31 katika kila 100, wakati wastani wa taifa zima ulikuwa 10. Tumepungua, Alhamdulillah, lakini tulikuwa bado mara tatu ya taifa. Utafiti huo wa pili ulionyesha pia kwamba, nchini kote, zaidi ya theluthi moja ya waliokeketwa walikatwa kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilipoweka kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, kwa anayemkeketa binti aliye chini ya miaka 18, baadhi ya watu hawakuacha. Walishusha umri. Binti wa miaka 12 anaweza kukimbia na kusema, kichanga hawezi.

Jambo hili halina dini moja. Linafanywa na Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila, na haifai mtu kumtupia jirani yake. Lakini sisi tunaulizwa kuhusu nyumba zetu.

JE, SI SHERIA YA DINI?

Huenda msomaji akasema kwamba vitabu vya fikihi vina mlango wa khitani ya wanawake. Ni kweli, na wanazuoni wa madhehebu wametofautiana: yupo aliyesema ni wajibu, yupo aliyesema ni jambo jema tu lisilo la lazima. Hatuwezi kujifanya kuwa kurasa hizo hazipo. Lakini mambo matatu yazingatiwe.

La kwanza, hadithi inayotajwa zaidi katika mlango huo, ile ya mwanamke mkataji wa Madina, ameipokea Abu Dawud katika Sunan yake, na yeye mwenyewe akabainisha kuwa ni dhaifu. Sisi tunaowataka watu waache mambo mengi ya desturi kwa hoja ya udhaifu wa hadithi hatuwezi kuigeuza mizani yetu tunapofika hapa.

La pili, kinachofanyika kwetu hakifanywi kwa nia ya ibada. Kinafanywa kama tiba na kinga ya ugonjwa. Na anayedai tiba hupimwa kwa elimu ya tiba. Tabibu amekwisha kusema kuwa jambo hili linadhuru, na kanuni kubwa ya fikihi inajulikana na kila mwanafunzi: madhara huondolewa, wala hayaondolewi kwa madhara mengine.

La tatu, wanazuoni wa zama hizi wamelitazama suala hili kwa macho ya elimu zote mbili. Mkutano wa wanazuoni uliofanyika Al-Azhar, Cairo, Novemba 2006 ulilaani ukeketaji na kutaka uzuiwe. Mwaka 2007 Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, alitamka wazi kuwa ni haramu. Misri ni nchi ambayo mila hii ilienea kuliko kwetu.

Wanazuoni wa usuli, akiwemo Imamu al-Ghazali, wamefundisha kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Neno walilolitumia ni “hifdh”, neno letu la kuhifadhi. Kisu cha lawalawa kinagusa mawili kati ya hayo kwa mpigo mmoja: nafsi ya mtoto, na kizazi atakachokizaa.

Na sasa turudi kwenye lile neno “safe”. Tumeona kuwa asili yake ni uzima. Kwa Kiarabu, salama na salim vimetoka katika mzizi mmoja, na salim ni kitu kisicho na dosari. Kwa Kiswahili, tukimwuliza mtu hali yake, anajibu: mimi mzima. Lugha tatu zilizozaliwa mbali mbali zimekutana hapa: aliye salama ni yule aliyebaki kama Muumba wake alivyomkamilisha. Kila mwaka ikifika Idi ya kuchinja tunamkagua mnyama wa udhia kwa makini. Tunatazama jicho, mguu na sikio, maana tunajua dosari ina hukumu yake. Iweje tukague sikio la mbuzi, kisha tumpeleke binti mzima akatiwe dosari, na tukirudi tuseme tumemkinga?

NA MADRASA ZETU

Haitoshi kuzungumzia ngariba peke yake. Neno “safeguarding” linatuuliza pia sisi walimu. Wazazi hutukabidhi watoto baada ya Alasiri, na wengine huwaacha kwetu wakilala dakhalia. Hiyo ni amana, na mwenye amana hangoji iharibike ndipo aanze kuihifadhi.

Wapo wanaolichukia neno hili kwa kudhani linawatuhumu walimu wote. Lakini kila aliyesoma usuli anaijua kanuni ya “sadd adh-dhara'i”, kuziba njia zinazoelekea kwenye uovu kabla uovu haujatokea. Sheria ilipokataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake, haikuwatuhumu watu wote kuwa wazinzi. Iliziba njia. Kinachoitwa “safeguarding” leo, kikiwekwa sawasawa, ni mlango wa kanuni hiyo hiyo: mwalimu asijifungie na mtoto mmoja chumbani, madarasa yawe na madirisha yanayoonekana kutoka nje, dakhalia ya wasichana isimamiwe na wanawake, adhabu ziwe na mpaka unaojulikana na wazazi, na mtoto awe na mtu anayemjua, asiyekuwa mwalimu wake, wa kumweleza jambo linalomtisha.

Aidha, jambo likitokea lisizikwe kwa jina la kuificha aibu. Kumsitiri Muislamu aliyeteleza katika dhambi yake binafsi ni tabia njema. Kumsitiri anayewadhuru watoto ni kumpa watoto wengine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mila na vitendo vinavyomdhuru mtoto, na inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Ipo ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, lipo dawati la jinsia na watoto polisi, na ipo namba ya simu 116 ya kusaidia watoto. Kuzitumia njia hizo si kumshitaki ndugu kwa maadui. Ni kumtetea asiyeweza kujitetea.

TUFANYE NINI?

Kwanza, maimamu wa misikiti ya mkoa huu waitenge walau khutba moja ya Ijumaa kwa jambo la lawalawa, walitaje kwa jina lake, na wawaambie kina baba waziwazi. Kina baba wengi hudai kuwa hayo ni mambo ya wanawake. Mume ni mchunga wa watu wa nyumbani kwake, na mchunga haulizwi ni nani aliyelifungua zizi. Anaulizwa mifugo iko wapi.

Pili, walimu wa kike wa madrasa na kina mama wa misikiti wawafikie bibi na wakunga, kwa heshima na kwa lugha zetu za nyumbani, Kinyaturu na Kinyiramba. Bibi anayempeleka mjukuu wake kukatwa hafanyi hivyo kwa chuki. Anampenda, na ameambiwa kwamba hii ndiyo kinga. Akionyeshwa kuwa dawa ya zahanati inaponya, na kwamba mjukuu wa jirani alitibiwa akapona bila kukatwa, mapenzi yale yale yatamfanya awe mlinzi wa kweli.

Tatu, kamati za misikiti zinapochimba visima na kuweka matangi zijue kuwa zinapigana na lawalawa kwa silaha yake halisi. Maji ni kinga.

Nne, kila madrasa iandike taratibu zake za kuwahifadhi watoto kwa Kiswahili kinachoeleweka na kuzibandika mlangoni. Tusingoje kuletewa fomu ya Kiingereza, tukaijaza bila kuielewa na kuifungia kabatini.

Ndugu Waislamu, asili ya neno haitatuokoa, liwe la London, la Cairo au la Singida. Mgeni akituletea neno la ulinzi, tumwulize anayelindwa atabaki mzima. Bibi yetu akituletea neno la kinga, tumwulize vivyo hivyo, kwa adabu. Na mtoto wa kike atakayezaliwa wiki hii katika kijiji chochote cha mkoa huu hana lugha ya kutuuliza. Basi sisi tuulize kwa niaba yake kabla kisu hakijatolewa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie kuwa walinzi wanaostahiki jina hilo.

Wabillahi tawfiq.